Mgonjwa wa akili ana haki ya mafao gani?

Swali hili Dar es Salaam huulizwa kwa sauti ya chini. Dada anaulizia kwa niaba ya kaka yake, dereva wa lori aliyeanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Mama wa Mbagala anaulizia kwa ajili ya binti yake mhasibu, ambaye kila baada ya miezi kadhaa hukesha siku nne mfululizo, humaliza akiba yote, kisha huzama kitandani wiki sita. Je, huyu naye si mlemavu? Hakuna chochote anachostahili?

Vipo anavyostahili, tena vimeandikwa kwenye sheria. Kinachowachanganya watu ni kwamba haviko mahali pamoja. Tanzania Bara haina fao moja la ulemavu ambalo mtu hujaza fomu, akakaguliwa, kisha Serikali ikamlipa kila mwezi. Kenya wana Inua Jamii, inayolipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Afrika Kusini wana ruzuku ya ulemavu. Zanzibar tangu 2016 inalipa pensheni jamii, lakini hiyo ni ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, awe mgonjwa au mzima. Huku Bara tuna vipande: kimoja kiko kwenye sheria ya kazi, kingine kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, kingine TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, kingine halmashauri, kingine kwenye dirisha la msamaha hospitalini.

Kila kipande kina masharti yake, ila vyote vinafanana kwa jambo moja ambalo familia nyingi hulijua zikiwa zimechelewa. Jina la ugonjwa peke yake halimpi mtu chochote. Ofisa anayeshika faili hataki kujua kama ni skizofrenia, ule wa kusikia sauti zisizokuwepo, au sonona, ule wa huzuni nzito isiyoondoka. Anataka kujua mtu huyu ameshindwa kufanya nini, tangu lini, na nani anathibitisha. Majibu ya maswali hayo kwa mtu aliyekatwa mguu yanaonekana kabla hajaketi. Kwa mgonjwa wa akili yanatakiwa yatengenezewe karatasi.

Mgonjwa au mlemavu?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu Novemba 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Sheria hiyo inamtaja mwenye ulemavu kuwa ni mtu mwenye upungufu wa kimwili, wa uelewa, wa milango ya fahamu au wa akili, ambaye uwezo wake unabanwa na vikwazo vya mitazamo ya watu, vya mazingira na vya taasisi. Mitazamo ya watu imetajwa pamoja na vikwazo vingine. Kwa hiyo mtu ambaye dawa zimemtuliza vizuri lakini hapewi kazi kwa kuwa mtaa mzima unamwita kichaa, sheria inamwona.

Hata hivyo si kila mgonjwa wa akili anaingia humo. Mkataba wenyewe unazungumzia upungufu wa muda mrefu. Aliyepata sonona baada ya kujifungua, akatibiwa, na baada ya miezi mitatu akarudi dukani kwake, huyo aliugua na amepona. Anayehusika ni yule ambaye ugonjwa umekaa, au unakuja na kuondoka kwa miaka, na kila unapokuja unaondoka na kazi, ndoa au kodi ya nyumba.

Huku chini kwenye ofisi za mitaa mambo ni mengine. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kwenye ofisi moja ya serikali ya mtaa ili aandikishwe. Daftari lilikuwa limepigwa mistari kwa rula: wasioona, viziwi, viungo, ualbino, na safu ya mwisho, ulemavu wa akili. Aliyekuwa anaandika akamtazama ndugu yangu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na anayejibu salamu vizuri, kisha akaniuliza mimi: "Huyu mbona mzima?" Nikamwonyesha daftari la kliniki. Akaguna, akamwandika kwenye safu ya mwisho kwa kuwa hakukuwa na nyingine.

Safu ile ni ya watu wengine. Ulemavu wa akili, kwa matumizi ya ofisi zetu, ni wa yule ambaye uelewa wake haukukua kama wa rika lake, kwa kawaida tangu utotoni. Ugonjwa wa akili humpata mtu aliyekwisha kusoma, akaajiriwa, akaoa. Hasara ya kuwachanganya hujitokeza baadaye, barua ya mtaa inaposema hivi na barua ya hospitali ikasema vile, na ofisa wa ngazi ya juu akaona karatasi mbili za watu wawili tofauti. Ni afadhali kumwomba mwenyekiti au mtendaji aandike kwa kirefu: ana ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili, anatibiwa hospitali fulani. Hakuna sheria inayomkataza kuandika hivyo hata kama daftari halina safu yake.

Ukiwa kazini

Aliyeajiriwa rasmi ndiye mwenye ulinzi mkubwa kuliko wote, na ndiye anayeupoteza kwa urahisi kuliko wote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Sheria haikuchagua magonjwa. Malaria, mguu uliovunjika na sonona vyote vinahesabika, mradi kuna cheti cha daktari, ile ambayo kazini wote tunaiita ED.

Shida ni kwamba anayeugua akili mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Haendi hospitali, haendi kazini, simu hapokei. Kwa mwajiri huo ni utoro, na kanuni za kazi za 2007 zinahesabu kutoonekana kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana kuwa ni kosa kubwa la nidhamu. Kwa hiyo siku za mwanzo ndizo zenye uzito. Familia ikiwahi kufikisha ED, iwe ya Muhimbili au ya hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, suala linahama kutoka meza ya nidhamu kwenda meza ya ugonjwa. Na kwenye meza ya ugonjwa mwajiri ana kazi ya kufanya kabla hajamwondoa mtu: aangalie chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa kupita au wa kudumu, na kama kuna kazi nyingine nyepesi inayowezekana. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu tu ana ulemavu sheria inakuhesabu kuwa si halali.

Kuna jambo ambalo hata maofisa utumishi huwa hawalikumbuki. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kampuni inayohangaika kutafuta watu wa kutimiza hesabu hiyo inaweza kuwa nao tayari mmoja au wawili, imewaandika kwenye mafaili ya watoro.

Sasa tuje kwenye karatasi inayowaumiza wengi. Chukua kijana wa ghala Vingunguti aliyekatwa NSSF kwa miaka minne, yaani michango 48. Anaanza kubadilika: ana shaka na kila mtu, anagombana na msimamizi, anasema kamera zimewekwa kwa ajili yake. Bosi wake, kwa wema kabisa, anamwambia mdogo wangu pumzika, andika barua ya kuacha kazi, ukipona utarudi. Anaiandika. Anasaini.

Barua hiyo inamfungia mambo kadhaa kwa mkupuo. Kwanza, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na huyu hakuachishwa, aliacha. Anaweza kujitetea kwamba alisaini akiwa hajitambui, lakini huo ni mzigo mwingine wa kuuthibitisha. Pili, fao la kukosa ajira, linalomlipa mwenye michango ya angalau miezi 18 theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Tatu, na hili ndilo zito, michango yake imekoma siku ile.

Kwa nini kukoma kwa michango ni jambo zito? Pensheni ya ulemavu ya NSSF ina masharti mawili makuu. Mtu awe amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, kwa kuthibitishwa na bodi ya madaktari. Na awe na michango 180, yaani miaka 15, au angalau michango 36 ambayo 12 kati yake ililipwa katika kipindi kilichotangulia kupata ulemavu. Kijana wetu ana 48, kwa hiyo 36 ameivuka. Mjadala wote unabaki kwenye 12 ya mwisho: ulemavu wake ulianza lini?

Ikiwa faili la kwanza la hospitali lilifunguliwa wiki ile aliyoacha kazi, jibu lipo. Ikiwa familia ilianzia kwa mganga, ikaenda kwenye maombezi, ikampeleka kijijini akatulie, na faili la hospitali likafunguliwa miaka miwili baadaye, bodi itaona tarehe ya kwanza ni ile ya miaka miwili baadaye, na nyuma yake hakuna mchango hata mmoja. Silaumu waliokwenda kwa mganga au kanisani. Wengi wetu ndiko tunakoanzia, na wapo wanaopata faraja huko. Ila mganga hatoi karatasi yenye tarehe. Hata ziara moja ya zahanati ya kata, mgonjwa akaandikwa kwenye daftari na kupewa rufaa, ingetosha kuonyesha mambo yalianza lini.

Asiyetimiza hesabu ya michango hulipwa kwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi. Watumishi wa umma wao wako PSSSF, mfuko ulioundwa 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, nao hustaafishwa kwa ugonjwa baada ya bodi ya madaktari kutoa ripoti.

Ipo pia WCF, mfuko wa fidia ambao mwajiri peke yake ndiye anayechangia. Huo unalipa pale tu ugonjwa au ajali inapotokana na kazi. Keshia wa benki aliyewekewa bunduki kichwani na majambazi, na sasa hawezi kukaa kwenye chumba chenye mlango mmoja, ana hoja ya kupeleka WCF. Tangu 2010 orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani inataja matatizo ya akili yanayofuatia tukio la kutisha. Mfanyakazi mwenye madai yaliyokubaliwa hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, hadi miezi 24. Lakini aliyechoshwa na kazi pole pole kwa miaka, bila tukio moja la kulishika mkononi, atapata tabu kuonyesha kwamba ni kazi iliyomfanya hivyo na si ndoa yake au deni lake.

Bodi inamwona siku gani?

Bodi ya madaktari inakutana na mtu kwa muda mfupi, siku moja. Mwenye ugonjwa unaopanda na kushuka anaweza kuingia siku hiyo akiwa amelala vizuri, amemeza dawa, mama yake amemnyooshea shati. Anajibu tarehe ya leo, anataja jina la Rais, anahesabu kurudi nyuma kutoka mia. Ametoka salama, na fao limeondoka. Mwingine anaingia akiwa hoi, anaonekana ameshindwa moja kwa moja, wakati miezi minane kati ya kumi na miwili ni fundi mzuri wa friji.

Msidhani ni umaskini wetu unaotufanya tukwame hapa. Uingereza, ambako Watanzania wengi wana ndugu, wamekwama hapo hapo wakiwa na mabilioni. Wana fao linaloitwa PIP, lililoanza 2013. Haliulizi unaumwa nini. Linauliza juu ya shughuli 12, kama kupika, kuoga, kupanga matumizi ya fedha, kukutana na watu, kupanga safari na kuifuata, na kila shughuli ina pointi. Shughuli hizo ziko katika sehemu mbili, maisha ya kila siku na kutembea, na katika kila sehemu ukifikisha pointi 8 unapata kiwango cha kawaida, ukifikisha 12 unapata cha juu. Kuhusu ugonjwa unaobadilika wamejiwekea kanuni ambayo naiona ni ya busara: shida ihesabiwe ikiwa inakuwepo kwa zaidi ya nusu ya siku katika kipindi cha miezi 12. Siku moja ya kuvaa shati zuri haiwezi kufuta mwaka mzima.

Lakini mwaka 2017 serikali yao ilibadilisha kanuni, ikasema asiyeweza kufuata safari kwa sababu ya mfadhaiko wa kisaikolojia asipewe pointi za juu ambazo asiyeona anapewa kwa kushindwa jambo lile lile. Wote wawili hawawezi kufika kituo cha basi peke yao, ila mmoja sababu yake haionekani. Desemba 2017 Mahakama Kuu ya huko ikasema kanuni hiyo ni ya kibaguzi. Januari 2018 serikali ikatangaza kwamba haitakata rufaa, na ikalazimika kuanza kupitia upya mafaili yapatayo milioni 1.6.

Mwaka 2025 wakarudi tena. Machi serikali ilipendekeza kwamba kuanzia Novemba 2026 mtu asipate sehemu ya maisha ya kila siku ya PIP hadi awe na pointi 4 katika shughuli moja, hata kama jumla yake imefika 8. Kwa mgonjwa wa akili pendekezo hilo lilikuwa na makali yake, kwa sababu wengi wao hujikusanyia pointi mbili mbili: anakumbushwa kuoga, anahimizwa kula, anasaidiwa kuongea na watu. Hakuna shughuli moja aliyoshindwa kabisa, ila siku nzima haiendi bila mtu wa pembeni. Wabunge wa chama tawala wenyewe waliasi, na tarehe 1 Julai 2025 kipengele hicho kikaondolewa, kikasubiri mapitio yanayoongozwa na Waziri Stephen Timms. Hata hivyo sehemu nyingine ilipita: nyongeza ya ugonjwa katika fao lao kuu la wenye kipato kidogo, kwa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026, inapunguzwa karibu nusu, isipokuwa kwa makundi machache, wakiwemo wenye hali mbaya sana isiyobadilika maisha yao yote. Neno lisilobadilika ndilo linalowatisha wenye ugonjwa unaokuja na kuondoka. Ukiwa na ndugu huko anayepokea nyongeza hiyo tayari, makato haya hayamhusu kwa jinsi yanavyomhusu anayeomba upya.

Afrika Kusini wamelishughulikia kwa njia nyepesi zaidi. Ruzuku yao ya ulemavu iko ya kudumu na ya muda, na ya muda hutolewa kwa miezi 6 hadi 12. Mtu akizidiwa anapata, akiinuka inakoma, akianguka tena anaomba. Ina usumbufu wa kupanga foleni upya, lakini angalau inakubali kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa sana Januari na mzima Oktoba bila kuwa mwongo. Kwetu pensheni ya ulemavu inamsubiri aliyeshindwa kwa theluthi mbili, na likizo ya ugonjwa inamtosha aliyeugua miezi minne. Binti mhasibu wa Mbagala yuko katikati, na hapo katikati hakuna kitu.

Asiyekuwa na mwajiri

Wakazi wengi wa jiji hili hawakatwi NSSF. Mama lishe, dereva wa bajaji, fundi wa kushona chini ya mwembe, hawa wanaweza kujiunga wenyewe kupitia utaratibu wa waliojiajiri, ila hesabu ya michango haimhurumii mtu aliyekwisha kuugua.

Wengi huelekezwa TASAF, na wengi hurudi wakiwa wamekasirika kwa kuwa hawakuambiwa jinsi inavyofanya kazi. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haupimi mtu, unapima kaya. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa mtaa, kisha dodoso huuliza nyumba imejengwa na nini, wanaishi wangapi, wana mali gani, na kompyuta inatoa alama. Kipindi cha pili, kilichozinduliwa 2020, kilipanua mpango hadi mitaa, vijiji na shehia zote, na kikazingatia uwepo wa mtu mwenye ulemavu katika kaya. Lakini kwanza kaya iwe imehesabiwa kuwa maskini. Kijana mwenye skizofrenia anayeishi kwenye nyumba ya bati na sakafu ya marumaru aliyojenga marehemu baba yake Tabata hatapita, hata kama ndani ya nyumba ile hakujapikwa tangu jana.

Kwa kaya iliyopita kuna la kuangalia. Kaya yenye watu wenye nguvu huingizwa kwenye ajira za muda, kuchimba mitaro, kufanya usafi na mengineyo. Kijana wa miaka 28 mwenye misuli anaandikwa kuwa mwenye uwezo wa kufanya kazi. Asipotokea, malipo ya kazi hayapo. Hapo ndipo cheti cha hospitali kinapotakiwa mapema, kabla orodha haijafungwa.

Kisha ipo mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kukosa marejesho, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, Jiji la Dar es Salaam likiwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizoanza kwa majaribio ya kupitia benki. Mwenye ugonjwa wa akili anaweza kuomba kwenye ile asilimia 2, na hapo ndipo atakapoambiwa kwamba mkataba unataka mtu mwenye akili timamu.

Anayeambiwa hivyo asiondoke. Sheria ya Mikataba ya Tanzania kweli inataka akili timamu, ila imejieleza vizuri kuliko wengi wanaoitaja. Inapima wakati wa kusaini: kama wakati huo mtu anaelewa mkataba na anaweza kufikiri utamletea faida au hasara gani, ana akili timamu. Na inasema waziwazi kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana utimamu lakini hupata vipindi vya utimamu, anaweza kuingia mkataba katika vipindi hivyo. Ni sheria ya kale, ya asili ya India ya wakoloni, na imeuelewa ugonjwa wa akili kuliko madirisha mengi ya leo. Barua ya daktari inayosema leo hii ametulia na anaelewa anachosaini inatosha kuanzisha mazungumzo.

Upande wa matibabu, Sera ya Afya ya 2007 iliweka magonjwa ya akili kwenye kundi la wanaosamehewa malipo katika vituo vya Serikali. Anayeshughulikia msamaha ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali husika, na ni yeye wa kuonwa kabla ya kulipa, si baada. Kumwona daktari kunaweza kuisha bila pesa. Dawa ndizo zinazokatisha tamaa: vidonge vya kutuliza kama haloperidol au sindano ya kila mwezi vikikosekana stoo, mgonjwa anaandikiwa akanunue duka la nje, na duka la nje halina msamaha. Kukosa dawa ya mwezi mmoja kunaweza kumrudisha mtu wodini, na hapo gharama ni kubwa kuliko ya dawa yenyewe.

Nani apokee hela?

Familia zikishapata fao ndipo ugomvi wa pili huanza. Pensheni inaingia kwenye akaunti ya mgonjwa. Siku ugonjwa unapompanda, anazitoa zote asubuhi na kuzigawa Kariakoo. Wengine huishia kumnyang'anya kadi na namba ya siri, jambo ambalo si halali hata likifanywa kwa upendo, na ambalo ndugu mwenye tamaa hulitumia vizuri sana.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inairuhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali za mtu asiyeweza kuzisimamia mwenyewe, na msimamizi huyo anawajibika kwa mahakama. Ni njia ndefu, ina gharama, na inamwondolea mhusika kauli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 12, unataka mtu asaidiwe kuamua badala ya kuamuliwa. Nyumbani hilo linawezekana kwa kukubaliana akiwa ametulia: fedha ya kodi na dawa iende moja kwa moja siku ya malipo, akaunti ya akiba iwe na sahihi mbili, na aandike mwenyewe kwa mkono wake nani apigiwe simu akianza kukesha. Karatasi hiyo haina nguvu ya hukumu, lakini akiwa amepanda, kumwonyesha mwandiko wake mwenyewe kunasaidia kuliko kumwonyesha wa kaka yake.

Kwa madai yote haya, kuanzia ED hadi pensheni, kinachobeba ni barua ya daktari, na barua nyingi ninazoziona hazibebi. Zinasema mgonjwa anatibiwa skizofrenia, asaidiwe. Ofisa hawezi kulifanyia kazi neno asaidiwe. Mwombe daktari aandike mambo anayoweza kuyaona kwenye faili lake: aliletwa mara ya kwanza tarehe fulani, amelazwa mara kadhaa na tarehe zake, katika miezi 12 iliyopita ameshindwa kufanya kazi kwa miezi mingapi, akizidiwa hawezi kuoga bila kukumbushwa wala kushika fedha, na kwamba hali hii inatarajiwa kujirudia hata akimeza dawa. Peleka maelezo ya nyumbani yaliyoandikwa kwa tarehe, kwa kuwa daktari hakai naye. Na omba nakala yenye muhuri siku hiyo hiyo, kabla faili halijarudishwa masjala.